Jina la Marehemu kwenye Cheti cha Binti Yangu

Samansi niliipokea nikiwa na mkasi mkononi. Ilikuwa Januari, shule zimefunguliwa, na mimi nilikuwa nakata vitambaa vya sare tangu alfajiri. Mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Bunda aliinua pazia la mlango, akasalimia, akauliza kama ni mimi. Ananijua miaka yote, lakini aliuliza. Nikajua karatasi aliyoishika haikuwa ya mchango wa mtaa.

Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mwanaume niliyemkimbia miaka mitano nyuma alikuwa ameiomba mahakama mambo mawili: itamke kwamba yeye ndiye baba wa binti yangu, na ikishatamka impe mtoto akaishi naye Musoma. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Saa hiyo alikuwa darasani, na mimi nilikuwa na oda ya mashati ishirini. Nikarudi kwenye kitambaa, nikakata mikono miwili yote ya kushoto.

Kwa nini karatasi ile ilinitoa jasho, lazima nieleze nilivyoolewa.

Mimi niliolewa na mwanamke. Kwetu Mara jambo hilo halimshangazi mtu. Tunaliita nyumba ntobu. Mjane ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe kwa wazazi wa binti, anamwoa, ili binti yule azae watoto wa nyumba ile. Hawalali pamoja. Binti atakuwa na mwanaume wa nje, wa kumchagua mwenyewe au wa kuletewa, lakini watoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe, na ukoo wao ni wa marehemu mwenye nyumba. Mwanaume yule ni mpita njia. Akiondoka anaondoka mikono mitupu, na hakuna mzee atakayekaa kumsikiliza akidai mtoto.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sikuyaonyesha mtu, na baba alihitaji ng'ombe ili kaka yangu aoe. Hakuna aliyenishikia fimbo, na hakuna aliyeniuliza. Nikapelekwa kijiji kimoja huko Butiama, kwenye nyumba iliyozungukwa na majabali na shamba la muhogo. Yule aliyenioa nilimwita mama, na mpaka leo namwita hivyo. Alikuwa na mabinti watatu walioolewa mbali, goti moja bovu, na tabia ya kucheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza. Hakai kwenye kiti kigeni mpaka akitikise kwanza kwa mkono.

Mwanaume niliyezaa naye alikuja kijijini kutengeneza mashine ya kusaga. Alikuwa fundi wa injini, anaishi Musoma, kazi zake nyingi ni injini za mitumbwi. Mama alimpenda kabla yangu, kwa sababu mashine ilipona siku ileile. Baada ya miezi michache aliomba nikaishi naye mjini. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba kila mtoto atakayezaliwa ni wa nyumba yake Butiama. Yule bwana alikubali akicheka.

Mwaka wa kwanza sina neno baya juu yake. Jioni alirudi na sato wawili kwenye mfuko, anawaparua magamba mwenyewe. Kupiga kulianza nilipokuwa na ujauzito wa miezi mitano. Hakuwa mtu wa kelele. Alifunga mlango kwanza, akavua saa ya mkononi, akaiweka mezani vizuri, uso wa saa juu. Nilijifunza kuitazama ile saa. Akirudi akakaa bila kuivua, nilipumua.

Nilikwenda kujifungulia kijijini. Mtoto alipofika wiki sita, tulikwenda na mama ofisi ya kata kuchukua cheti cha kuzaliwa. Karani aliuliza jina la baba. Mama akamtajia jina la mume wake, mwenye nyumba yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja kaburini. Alilitaja bila kusita, maana kwa akili yake hakuwa anadanganya. Ng'ombe walionioa walitoka kwenye zizi la mzee yule. Karani aliandika alichoambiwa. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto pembeni, kidato cha nne changu kichwani, nikijua kwamba serikali inauliza kitu kingine. Sikusema. Kabla hatujatoka nyumbani nilikuwa nimempigia simu yule bwana kumwambia tunakwenda kuandikisha mtoto. Alisema, "Si wa kike? Andikeni mnavyotaka."

Nikarudi Musoma na mtoto mgongoni.

Mtoto alipokuwa na miaka miwili nilikimbilia Butiama uso umevimba. Mama alinikanda kwa maji ya chumvi, akanipikia uji, na baada ya wiki moja akaniambia nirudi, kwa sababu hatujapata wa kiume. Mwaka uliofuata nilikimbia tena, naye akanirudisha tena. Sikumchukia. Nilidhani ndivyo ilivyo.

Kisha ikaja safari ya Kisorya. Binti yangu alikuwa amefikisha miaka minne. Siku hiyo nilichelewa kurudi kutoka sokoni, nikakuta nyumba haina mtu wala nguo za mtoto. Yule bwana alirudi peke yake, akala, akasema mtoto yuko kwa dada yake Kisorya, na nitamwona nikishajua kufika nyumbani kwa wakati. Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nilipanda gari bila ruhusa. Kisorya ndiko vivuko vinakovukia kwenda Ukerewe, na kitu kilichokuwa kinanisaga njia nzima ni kwamba nikichelewa kidogo mtoto atavushwa, na ng'ambo ya pili simjui mtu. Nilimkuta kwa yule shangazi, ameketi chini anachambua dagaa na wenzake, hana habari. Nilimbeba hivyohivyo, mikono inanuka dagaa.

Niliporudi Musoma saa ilivuliwa, ikawekwa mezani. Siku hiyo ndiyo mkono wangu wa kushoto ulipovunjika. Nilikwenda polisi, dawati la jinsia, nikapewa fomu ya PF3 ya kwendea hospitali, nikafungwa plasta. Kesi ile ilikufa kwa sababu mimi mwenyewe sikurudi kuifuatilia. Nilitoka hospitalini nikaenda stendi, nikaja Bunda kwa rafiki niliyesoma naye, aliyekuwa na cherehani mbili na chumba cha uani. PF3 niliihifadhi kwenye bahasha pamoja na kadi ya kliniki na cheti. Sikujua naihifadhia nini.

Mama alikuja Bunda na kuku na chupa ya samli. Akaiona plasta. Alikaa chini kwenye mkeka, akanyoosha goti lake, chai ikapoa mbele yake. Safari hii hakuniambia nirudi.

Kwa hiyo tuliishi. Miaka mitano. Nilijifunza cherehani, nikapata chumba changu, mtoto akaanza shule. Likizo alikwenda Butiama kuchunga mbuzi wa bibi yake. Yule bwana nilimsikia tu kwa watu.

Mwisho wa mwaka mmoja alitokea shuleni. Mwalimu wa darasa ndiye aliyenisimulia. Alikuja kwa heshima, amevaa vizuri, akasema yeye ni baba na amekuja kumchukua mtoto mapema kwa sababu kuna msiba. Mwalimu akafungua faili la mtoto, akatazama nakala ya cheti, akamwomba kitambulisho. Majina hayakuoana. Mwalimu akasema hawezi. Yule bwana alisimama kidogo, akasema basi atakuja na sheria. Wiki sita baadaye mwenyekiti wa mtaa akainua pazia langu.

Nilipeleka bahasha yangu yote kwa afisa ustawi wa jamii. Alikuwa mwanaume wa makamo, anaongea taratibu mpaka unataka kumsaidia kumaliza. Aliisoma samansi, akaisoma PF3, akakaa na cheti muda mrefu.

"Huyu aliyeandikwa hapa ni nani?"

"Mume wa mama yangu. Yaani, wa mama aliyenioa."

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

"Lini?"

Nikamtajia mwaka. Alihesabu kwa vidole juu ya meza, miaka ya kaburi na miaka ya mtoto, na vidole vikaisha. Hakukasirika. Alisema, "Mahakamani utaulizwa hivihivi, tena umeshaapa. Mwenzako anajua kwamba mzee huyu ni marehemu, ndiyo maana ana ujasiri. Ukikishikilia cheti hiki utakuwa mwongo, na kila utakachosema baada ya hapo, hata cha mkono kuvunjika, kitasikilizwa kama cha mwongo."

Kisha akanieleza kwamba mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, na kipimo kikisema ni baba, ataandikwa baba. Lakini kuandikwa baba na kukabidhiwa mtoto ni mambo mawili. La pili linatazama usalama wa mtoto kwanza. Nilisikia nusu ya kwanza tu. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimeishika bahasha kifuani, kama mtu aliyebeba mayai.

Jumapili nilikwenda Butiama kumwambia mama. Nilimweleza kwamba itabidi niseme ukweli, na ukweli utaliondoa jina la mzee kwenye karatasi. Alikuwa anapepeta mtama. Aliendelea kupepeta.

"Mimi nilitoaga ng'ombe," alisema. "Yeye alitoa nini?"

Nikamwambia mahakama haitauliza habari za ng'ombe. Akasema basi mahakama hiyo ni ya watu gani. Akasema nikisimama mbele ya watu nikamtaja yule fundi, nitakuwa nimeivunja nyumba aliyoijenga kwa uzee wake, na marehemu atakuwa amekufa mara ya pili bila mtoto. Niliondoka bila kula, na kwetu kuondoka kwenye nyumba ya mama bila kula ni tusi. Nilijua, nikaondoka hivyohivyo.

Wiki zilizofuata sikutulia mahali. Nilimpeleka mtoto shule kwa njia ya sokoni leo, kesho kwa njia ya nyuma ya kanisa. Saa nne niliacha cherehani nikaenda kuchungulia uzio wa shule kama mwizi. Saa sita tena. Wateja walilalamika kwamba sketi zinabana. Nilihama chumba, nikahamia mtaa wa tatu, na baada ya siku nne nikaona fundi pikipiki mmoja ananitazama sana, nikataka kuhama tena. Rafiki yangu alinizuia. Alisema nikiendelea hivi nitamchosha mtoto kabla hata ya huyo baba.

Nilifunga begi mara mbili. Mara ya kwanza nililifungua mwenyewe. Mara ya pili tulifika mpaka stendi, mimi na binti yangu, tiketi za Kahama mkononi. Kahama sikuwa na mtu. Niliipenda kwa sababu sikuwa na mtu. Tulikaa kwenye benchi, gari likasogezwa, mtoto akauliza kama kule tuendako watampokea bila daftari zake, maana zipo kwa mwalimu zinasahihishwa. Nikasema watampokea. Akauliza kama bibi anajua. Nikasema atajua. Akauliza, "Tumekosa nini, mama?" Gari liliondoka na viti vyetu viwili vitupu.

Siku ileile nilimwambia. Aliamini, kama wote walivyomwambia, kwamba baba yake ndiye aliyelala kwenye kaburi la saruji nyuma ya nyumba ya bibi. Kila likizo alilifagia, akaliamkia shikamoo. Nilimwambia mzee yule ni babu yake, mwenye nyumba yetu, lakini aliyenipa mimba ni mtu aliye hai, anaishi Musoma, na anataka amchukue.

Alichokonoa kucha.

"Ni yule wa saa?" aliuliza.

Sikuwahi kumtajia habari za saa. Alikuwa na miaka minne tulipoondoka. Nilisema ndiyo, ni yule wa saa. Akasema hataki kwenda. Kisha akaenda nje kucheza rede na wenzake, akacheza vizuri tu, na mimi nilibaki ndani nimekalia begi.

Mahakama inayosikiliza mambo ya watoto haikuwa kama nilivyoiogopa. Ilikuwa chumba kidogo chenye meza moja ndefu. Hakimu alikuwa mwanamke, hana joho, miwani ameivuta mpaka ncha ya pua. Yule bwana alikaa mbele yangu, amenenepa, shati jeupe. Saa ilikuwa mkononi. Nilijitahidi nisiitazame.

Hakimu alipouliza kuhusu cheti, nilisema. Nilisema jina lile ni la marehemu, kwamba tulilitaja mimi na mama kwa kufuata mila yetu, kwamba nilijua si sahihi nikanyamaza, na kwamba baba mzazi wa mtoto ni huyu aliyekaa hapa. Yule bwana alitabasamu. Hakimu aliandika muda mrefu. Aliniambia kwamba kutoa maelezo yasiyo kweli kwenye usajili ni kosa, nisifanye tena, na kwamba amelisikia. Kisha akaagiza kipimo.

Tulipimwa Musoma, hospitalini. Tuliitwa siku moja, wote watatu, tukakaa benchi moja, mtoto katikati kwa sababu nafasi ilikuwa hapo tu. Walitupitishia kijiti chenye pamba ndani ya shavu. Yule bwana alimnunulia mtoto juisi. Binti yangu alisema asante, akaishika mpaka tuliporudi Bunda, hajaifungua, ikapata moto mikononi. Aliiweka dirishani. Nikamwambia anaweza kuinywa, haina dhambi. Akasema anajua.

Majibu yalichukua muda mrefu. Nilikuwa najua yatasemaje, na hata hivyo kila mwenyekiti wa mtaa alipopita nilisimamisha cherehani. Yalipokuja yalisomwa kwenye chumba kilekile: ni baba.

Siku hiyo ndiyo mama alipotokea. Hatukuwa tumeongea tangu ule mtama. Sijui nani alimpa tarehe. Nahisi ni afisa ustawi, maana alikuwa amekwenda Butiama kuandika ripoti yake ya jinsi mtoto anavyoishi. Mama aliingia na fimbo yake ya kuchungia, akakitikisa kiti, akakaa. Hakimu akamuuliza yeye ni nani kwa mtoto.

"Mimi ndiye niliyemuoa mama yake."

Hakimu hakucheka. Alimwambia aendelee.

Mama aliongea Kiswahili chake cha kuchanganya na Kizanaki, na afisa ustawi alimsaidia palipomshinda. Alieleza habari za ng'ombe kwanza, kama nilivyojua atafanya. Kisha akaniangalia, akaacha ng'ombe.

"Huyu binti alikujaga kwangu mara mbili uso umevimba," alisema. "Mara zote mbili mimi ndiye nilimrudisha. Nilikuwaga nataka mtoto wa kiume. Nilijua anapigwa, nikasema avumilie. Kama mnaandika waliomuumiza, na mimi mniandike."

Nilitazama meza. Katika miaka yote sikuwa nimewahi kumdai maneno yale, na nilipoyasikia sikujua niyaweke wapi.

Baada ya hapo hakimu alimuuliza yule bwana maswali mepesi. Mtoto yuko darasa la ngapi? Akasema la pili. Alikuwa la tatu. Mwalimu wake ni nani? Mara ya mwisho aliumwa nini? Alisema hivyo vyote mimi ndiye niliyemficha. Hakimu akamuuliza kuhusu PF3, akasema nilianguka. Akamuuliza kama ni kweli alisema andikeni mnavyotaka. Alisema hakumbuki, na labda alikuwa anatania. Alipoona maswali hayaishi, alianza kuikunjakunja mikono ya shati lake jeupe, akaivua saa, akaiweka mezani, uso juu.

Sidhani kama alijua amefanya hivyo. Nilisogeza kiti nyuma kikakwaruza sakafu, na hakimu akainua macho kunitazama. Sikuweza kueleza saa mbele ya mahakama.

Mtoto alisikilizwa peke yake, mimi nikiwa nje, afisa ustawi akiwa ndani. Alikaa huko kama nusu saa. Sijawahi kumuuliza alisema nini.

Uamuzi ulitoka kabla ya likizo ya Juni. Yule bwana alitambuliwa kuwa baba mzazi, na cheti kirekebishwe. Achangie matunzo. Mtoto akae na mimi. Baba aruhusiwe kumwona mara moja kwa mwezi, mchana, ofisi ya ustawi wa jamii, mbele ya afisa; asimchukue shuleni, asimtoe wilayani bila ruhusa ya mahakama. Na palikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba mtoto ataendelea kumtembelea bibi yake mlezi Butiama wakati wa likizo, kama alivyozoea. Mama hajui kusoma. Mstari ule nilimsomea nje ya mahakama, akaniambia nirudie, nikarudia mara tatu. Akauliza wameandika mlezi au mwenye nyumba. Nikasema mlezi. Akatikisa kichwa kidogo, si kwa kukubali wala kwa kukataa.

Tulikula pamoja siku hiyo, ugali wa muhogo na samaki wa ningu, kwenye kibanda karibu na stendi. Alikula sana. Katikati ya kula aliuliza, binti akiolewa, ng'ombe watakwenda zizi gani. Nikamwambia mtoto yuko darasa la tatu, mama. Akasema anauliza tu.

Watu huniuliza kama sasa nimetulia. Nawaambia nimeshinda kesi, maana ndilo jibu wanalotaka. Kweli nilishinda. Lakini cherehani yangu naiweka ielekee mlango, na simu ngeni ikilia siipokei mpaka ikatike, kisha naipiga mwenyewe. Cheti kipya nilikichukua, nikakiweka kwenye bahasha, na kila shule inapokihitaji, mkono wangu unachelewa kukitoa. Jina la yule bwana liko pale, limepigwa kwa mashine, nadhifu. Ni kweli na silipendi. La zamani lilikuwa la uongo, na lilimwokoa mtoto mlangoni mwa darasa. Mambo haya mawili nimeshindwa kuyapanga yakae pamoja kichwani.

Yule bwana alikuja ofisi ya ustawi mara tatu. Mara ya kwanza alileta gauni lililombana mtoto mabegani. Mara ya pili alileta soda, wakakaa, afisa akajifanya anaandika. Mara ya tatu alikaa robo saa akitazama nje. Mara ya nne hakuja, wala ya tano. Matunzo yalikatika karibu wakati huohuo. Afisa alinieleza jinsi ya kudai. Nilimwambia nitafikiri, na bado nafikiri.

Mwaka huu binti yangu ana miaka kumi na miwili. Mwezi uliopita, tukiwa tunafua, alisema anataka kumwona baba yake. Nilisugua kola ileile mpaka ikaanza kuchubuka. Nilimuuliza kwa nini. Akasema anataka kumuuliza kitu, na hataniambia ni kitu gani. Nilitaka kukataa. Nilikuwa na sababu kumi. Nikampigia afisa ustawi, afisa akampigia yule bwana, na jibu likarudi kwamba atakuja Ijumaa saa nane.

Ijumaa binti yangu alivaa sketi niliyomshonea Krismasi, akasuka nywele upya. Aliniomba nikae nje. Nilikaa kwenye benchi la korido, na kila mwanaume aliyeingia geti nilimwona ni yeye. Saa nane ikapita. Saa tisa afisa alitoka akapiga simu, haikupatikana. Saa tisa na nusu binti yangu alitoka mwenyewe, karatasi imekunjwa ndogo mkononi. Alikuwa ameandika maswali yake.

Sikuiomba karatasi. Alimwambia afisa asante na kwaheri, akatangulia kushuka ngazi. Nilikuwa na furaha kwamba hakuja, na uchungu kwamba hakuja, na vyote viwili vilikuwa vinatembea na mimi barabarani.

Tulipofika kwenye duka la vitambaa alisimama. Akauliza kama kitambaa cha maruni kimeshuka bei, maana shule imebadilisha sare za mwakani ziwe za rangi hiyo. Nikamwambia tuingie tuulize.